Moshi wa Jikoni kwa Mzee Kiunga

Kibirichia, 9 Juni 2024

Kwa mwanangu Winrose,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Mimi mzima, ila kifua ni kile kile na baridi ya Juni unaijua. Cherehani huko Kinoru bado inakulisha?

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Ndiyo, ni kweli ulivyosikia. Kila asubuhi naenda kwa Mzee Kiunga, nawasha moto, nachemsha maji, namwosha vidonda vya miguu. Wanawe wamemwacha na harufu imewashinda majirani. Sijasahau alivyong'oa mimea ya mpaka akala shamba letu, baba yako akafa na uchungu huo. Lakini siku ya ushirika mtakatifu niliona haya kushika kikombe nikiwa bado nina kinyongo naye.

Siku hizi majirani wakiona moshi kwa Kiunga wanasema, Celina ameamka salama. Barua nimempa Antony wa lori la viazi.

Mama yako

Kinoru, 14 Juni

Mpendwa Mama,

Habari ya baridi? Mimi sijambo, kazi ipo. Wewe unakohoa kama trekta kuukuu, halafu unaenda kupuliza moto wa adui wa Baba. Njoo ukae nami. Nimekutumia sweta ya bluu. Kiunga aoshwe na wanawe. Mimi mtu huyo singemgusa hata kwa kijiti.

Nimekasirika, lakini nakupenda.

Binti yako

Kibirichia, 2 Julai

Mwanangu,

U hali gani? Sweta imenikaa vizuri, Mungu akubariki.

Kuna jambo. Wiki jana homa ilinilaza siku mbili, sikutoka kitandani. Siku ya tatu nilijikokota kwa Kiunga nikidhani nitamkuta amekufa. Nikakuta vidonda safi, tambaa limeanikwa, beseni limeegemezwa ukutani jinsi ninavyoliegemeza mimi. Nikamuuliza nani alikuja.

"Si ni wewe, Celina," akasema. "Jana na juzi. Ila hukuongea."

Mama Gatwiri wa ng'ambo ya mto aliuona moshi siku zote mbili, ndiyo maana hakuja kunijulia hali.

Nimeomba sana. Naogopa kidogo. Ninaloogopa zaidi ni hili: nikiondoka, nani atamwosha? Nakuomba wewe, Winrose.

Mama yako

Kibirichia, 23 Julai

Mama,

Sijui nikusalimu vipi. Barua yako sikuijibu. Niliificha chini ya cherehani, na sasa inaniuma.

Tulikuzika Jumamosi. Daktari alisema ulifariki Jumapili ya wiki iliyotangulia, lakini Antony alikukuta Jumatano alipofuata magunia. Mama Gatwiri hapati usingizi. "Moshi niliuona kwa Kiunga Jumatatu," anasema, "na Jumanne, na hiyo Jumatano. Ningejuaje?"

Jana asubuhi nilienda kumtolea mzee huyo maneno mabaya. Moshi ulikuwa unatoka. Ndani nikakuta beseni la maji, bado yana joto, povu la sabuni juu.

"Mama yako ametoka sasa hivi," akasema. "Sweta yake ya bluu imelowa mikono. Amechoka huyo. Mwambie apumzike."

Tulikuzika na sweta hiyo, Mama. Nilikimbia mpaka nyumbani nikafunga mlango.

Binti yako

Kibirichia, 25 Julai

Mama,

Natumaini uko pema. Barua hii naiweka ndani ya Biblia yako pamoja na ile nyingine.

Jana nilirudi. Maji yalikuwa tayari, nikamwosha. Nilijifunga leso puani, kisha nikaitoa kwa sababu alikuwa ananitazama kwa aibu. Kumpenda bado sijaweza. Nilimwosha tu mpaka mwisho. Nilipotoka nilisema kwa sauti, pale mlangoni, kwamba kesho nitakuja mwenyewe.

Leo sikuona moshi. Jiko lilikuwa baridi, na beseni limeegemezwa ukutani, kavu. Aliniuliza uko wapi, nikamwambia umepumzika. Nikakusanya kuni, nikapuliza moto mpaka machozi yakanitoka, mengine si ya moshi.

Nilipokuwa namwaga maji nje, Mama Gatwiri aliita kutoka ng'ambo.

"Winrose, umeamka salama?"

Nikamjibu nimeamka.

Binti yako