Ng'ombe wa Watu

Nyumba za walimu, Bashay,
Mbulu.
Mwezi wa Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na mikorosho haikupi presha. Mimi mwanao sijambo, isipokuwa baridi ya huku, ambayo mwezi huu inaingia mpaka ndani ya soksi. Anayekuletea barua ni Mwalimu Yusta, ninayefundisha naye, anakuja Masasi likizo. Mpe korosho, tafadhali, maana nimezisifia mno.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Juzi uliponiuliza kama nimeshapeleka maombi ya uhamisho, nilisema mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzuri tu, mama. Nilitaka kukujibu bila wewe kunikatiza, kwa hiyo soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unakumbuka nilivyokulalamikia kuhusu darasa la saba? Kipindi changu cha hisabati ni mchana, na mchana watoto walikuwa wanasinzia. Aliyeniumiza zaidi ni Belinda. Asubuhi hakuna swali linalomshinda, mchana kalamu inamdondoka mkononi. Wanatoka nyumbani alfajiri na kushinda na njaa mpaka jioni. Mtihani wa taifa hauulizi nani amekula. Niliona wazi kwamba tusipopika chakula shuleni, yule mtoto atafeli kwa sababu ya tumbo, si kichwa, na mimi sikutaka kuwepo siku hiyo. Hapo ndipo nilipoanza kuzungumzia kuhama.

Kabla ya kuhama nikajaribu mkutano wa wazazi. Nilijipanga na methali zangu zote za chuoni. Nikawaomba walete mahindi na maharage, nikasema kidole kimoja hakivunji chawa. Akasimama baba yake Belinda, Mzee Akonaay, mtu mrefu mwenye blanketi begani, akasema yeye hakuja kuua chawa. Watu walicheka, na mwalimu mkuu naye akacheka.

Kisha akaleta hoja. Huku, mama, mwenye ng'ombe wengi hawarundiki wote kwenye zizi lake. Mmoja humweka kwa rafiki. Rafiki humlisha, hunywa maziwa, hupata na samadi ya shamba, lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Basi Mzee Akonaay akasema mtoto wake alishamweka kwetu tangu darasa la kwanza, na maziwa tunakunywa kila mwisho wa mwezi, yaani mshahara. Akauliza ni nani hapa amewahi kuweka ng'ombe kwa mtu halafu akamfuata na mzigo wa majani. Wakampigia makofi, mkutano ukaisha, na mimi nikabaki na methali zangu.

Nilinuna siku kadhaa, unanijua. Halafu nikamwuliza Belinda, nusu kwa hasira, ng'ombe wa watu akiugua inakuwaje. Akanijibu kwamba mtunzaji huenda mwenyewe kwa mwenye ng'ombe kumpa habari. Akinyamaza mpaka ng'ombe afe, hakuna atakayemwamini tena. Mama, nilijisikia vibaya. Wazazi nilikuwa nawaita kwa vikaratasi tu. Nyumbani kwao sikuwahi kukanyaga hata siku moja.

Jumamosi nikavaa mabuti ya mvua nikaenda. Nilimwamkia Mzee Akonaay, nikapewa chai ya maziwa, nikamwambia mimi ndiye mtunzaji, na nimekuja kumpa habari kwamba ng'ombe wake hacheui. Hakucheka. Aliuliza anaumwa nini, nikasema njaa. Akauliza nimemtibu vipi. Nikakiri kwamba akisinzia namsimamisha nyuma ya darasa. Akasema hajawahi kusikia ng'ombe aliyepona kwa kusimamishwa.

Belinda alikuwa anapanga kuni nje. Akaomba ruhusa ya kusema, akapewa. Alisema wakubwa wanagombania kazi ya mwenye ng'ombe na ya mtunzaji, lakini malishoni ng'ombe huenda kwa miguu yake. Wao wanafunzi watabeba kuni na maji. Baba yake akacheka kwa sauti, na nikajua amekubali.

Jumatatu Mzee Akonaay alifika shuleni na punda amebeba mahindi, na nyumba alizopita njiani aliziachia maneno kwamba nazo zilete. Sasa tunapika makande. Wazazi wanaleta nafaka, watoto wanaleta kuni na maji, sisi walimu tunapokezana kusimamia jiko. Si kwamba mambo yote yamenyooka. Maharage huwa yanakwisha mapema, na kuna baba mmoja alileta mahindi yenye wadudu, tukamrudishia. Mzee Akonaay anapitia mara kwa mara, anafunua sufuria, anachungulia darasani, anaondoka bila kuaga. Anasema mwenye ng'ombe huja kumtazama ng'ombe wake anapotaka, hiyo ndiyo desturi. Na Belinda hasinzii tena. Wiki iliyopita alinisahihisha ubaoni mbele ya darasa zima, nikafurahi mpaka machozi yakanilenga.

Sasa kaa chini, mama. Juzi jioni Mzee Akonaay alikuja kwangu akiwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na mtamba mwekundu mwenye mimba. Alisema mtu anayekuja mwenyewe kutoa habari mbaya ndiye wa kuwekewa ng'ombe. Mimi, niliyekuwa nakimbia mbuzi wa mjomba! Belinda ananifundisha kumlisha kabla ya masomo. Amempa jina la Masasi, ili kila asubuhi nikimwita niwe nimepaita nyumbani.

Maombi ya uhamisho sijayapeleka, na sitayapeleka. Mwenye ng'ombe wa watu nyumbani hahami. Nakukosa sana, mama, lakini huku nina furaha, na nimechoka kukuficha furaha yangu kana kwamba ni kosa.

Wasalimie wote, ila mjomba usimwambie habari za ng'ombe. Nataka nimwone uso mwenyewe. Na wewe usikae huko ukinung'unika. Una wako uliyemweka huku Mbulu, na desturi nimeshakueleza. Njoo umtazame. Anacheua vizuri.

Mwanao akupendaye,
Violeth