Sukari Chini ya Kitanda Changu

Jumatatu jioni, Aprili 1983. Mvua imekatika, lakini mabati bado yanadondosha maji uani.

Shajara, usinicheke mwandiko. Naandika mbio. Baba hajarudi kutoka dukani, na nataka niandike kabla hajaingia, kwa sababu akiingia itanibidi nimwambie sentensi moja. Mimi unanijua. Hata mwalimu akiita majina asubuhi naitika kwa sauti ya kifaranga, mpaka anauliza kama Aika yupo au hayupo.

Nianzie Jumamosi, maana ndipo yote yalipoanza.

Jumamosi Daktari Hansa alikuja nyumbani kwetu. Ni daktari wa watoto, Mhindi wa Upanga aliyezaliwa Tabora, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu sisi wa Kariakoo. Kila wiki anachagua nyumba moja ya mitaa hii, anakaa popote atakapowekwa, hata juu ya kibao cha mbuzi, halafu anawafundisha akina mama. Safari hii alifundisha habari za kuhara, kwa sababu mvua zimejaza vyoo na watoto wameanza kuumwa. Karatasi zake ni za Kiingereza. Siku chache kabla alikuwa ameniomba mimi, kwa kuwa niko kidato cha tatu, nizigeuze ziwe Kiswahili na kuzisoma mbele ya watu.

Mbele ya watu.

Kugeuza hakukunishinda, ila neno moja tu, lile la mwili kuishiwa maji. Nililizungusha kichwani siku mbili, mwisho nikaandika "mtoto kunyauka." Nilipolisoma, Mama Balozi, mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, akasema, "Hilo nimelielewa. Kama mchicha." Nikafurahi kidogo. Furaha haikukaa.

Daktari akauliza nani ana sukari kidogo tufanye mfano. Uani pakalipuka kicheko.

"Daktari, unatusimanga?" akasema Mama Balozi. "Mimi sukari mara ya mwisho nimeiona ndotoni."

"Na hata ndotoni ulipanga foleni," akasema Dada Mwanahawa, mpangaji wa chumba kinachotazamana na chetu. Mumewe anafanya kazi reli, pale mtaa wa Gerezani, na wiki hii amesafiri na treni. Mwanawe Shabani, wa miezi minane, alikuwa mgongoni anatafuna pindo la kanga.

Ikabidi Daktari atoe kikaratasi cha sukari kwenye mkoba wake mwenyewe. Akaonyesha: maji yaliyochemshwa yakapoa, chupa mbili za bia, ndiyo lita moja. Vijiko vya chai sita vya sukari, visawazishwe kwa kidole. Chumvi nusu kijiko, isizidi. Dada Mwanahawa akasema mume wake akisikia chupa ya bia imekuwa dawa, atajiita mganga. Watu wakacheka tena. Daktari naye akacheka, kisha akainua kikombe.

"Onjeni kabla ya kumpa mtoto. Yasizidi chumvi ya machozi. Yakizidi, mwageni, muanze upya."

Wote walionja. Mimi nilisimama na karatasi yangu. Sikuweza kumtazama mtu, maana wakati wote ule magunia mawili ya sukari yalikuwa hatua chache nyuma yangu, chini ya kitanda changu.

Nimeandika. Sasa lipo kwenye karatasi.

Baba aliyanunua kwa mlango wa nyuma kabla ya msako wa bidhaa zilizofichwa kuanza. Alitaka kuuza pole pole. Duka letu lina rafu zinazoonyesha ukuta, sabuni hakuna, viberiti hakuna, na Mama yuko Machame anamuuguza Bibi na anasubiri tutume chochote. Kisha redio ikaanza kusema wahujumu uchumi, wahujumu uchumi, na sukari ambayo jana ilikuwa biashara ikawa jela. Baba aliinua kitanda changu juu ya matofali, akasukuma magunia, akasema, "Askari hawezi kuinua godoro la mtoto wa kike, atakuwa hana adabu." Alisema akicheka. Macho yake hayakucheka.

Tangu hapo nalala juu ya jela.

Jana, Jumapili, tumerudi kanisani nikasikia Shabani analia. Kilio chake si kile ninachokijua. Kilikuwa kikavu. Nikachungulia. Dada Mwanahawa alikuwa amempakata, anamnywesha kwa kijiko, naye mtoto anatema na kukunja uso. Alikuwa ameharisha tangu alfajiri. Utosi wake ulikuwa umebonyea kama uliominywa kwa dole gumba.

"Si unaona nafuata ya Daktari?" akaniambia. "Ila hataki."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilichukua kijiko nikaonja.

Shajara, ilikuwa bahari.

"Dada, umetia chumvi kiasi gani?"

"Vijiko viwili. Sasa sukari sina, ningefanyaje? Vitu viwili vinafanya kazi pamoja, kimoja hakipo, kingine si lazima kikazane?"

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza kwa nini ametia mbaazi mahali pa maharage. Na mimi ndiye niliyesoma ile karatasi. Mimi ndiye niliyesimama pale uani na maneno yangu mazuri ya kunyauka, nikiwa na dawa chini ya godoro.

Nikakimbia chumbani. Baba alikuwa amepitia dukani. Nikafungua mdomo wa gunia, nikachota kwa kikombe cha mswaki, nikavuka korido. Nilikuwa nimekijaza pomoni. Tukachanganya upya, nikasawazisha kila kijiko kwa kidole, nikaonja, nikaonja tena. Kuonja machozi hakukuwa taabu, yalikuwa yameshafika mdomoni yenyewe. Shabani akanywa. Hakutema. Akamshika mama yake mkono ili kijiko kisiondoke.

Dada Mwanahawa aliitazama ile sukari nyeupe ndani ya kikombe cha mswaki. Akanitazama. Akaendelea kunywesha.

Nikamwambia twende kwa Daktari, kwa ajili ya ile chumvi. Tukaenda kwa miguu mpaka Upanga. Jumapili mchana magari ya watu binafsi hayaruhusiwi, ili kubana mafuta, kwa hiyo barabara ilikuwa nyeupe, sisi watatu tu, naye anamnywesha kidogo kidogo kila tukipumzika kivulini. Njia nzima niliomba kwa lugha zote mbili. Shuleni tunasoma kila kitu kwa Kiingereza, lakini hofu yangu haijaenda shule. Kila ombi lilirudi kwenye Kiswahili.

Daktari alitoka na nguo za nyumbani. Tukamwamkia, akaitikia huku ameshamchukua mtoto. Akamfinya ngozi ya tumbo akaangalia inavyorudi, akaangalia ulimi, akauliza kanywa nini. Dada Mwanahawa akanisukuma kwa kiwiko. Nikasema mimi. Chumvi vijiko viwili, sukari hakuna, lakini amekunywa kidogo na mengi ametema.

"Basi mtoto ana akili kuliko mimi," akasema Daktari. Akakaa kwenye ngazi. "Kosa ni langu. Nimefundisha kana kwamba sukari iko dukani. Nisikilizeni. Kama sukari hakuna, chumvi hiyo msiiguse. Titi, tena titi, na maji yaliyochemshwa, na uji mwepesi, na mumlete kwangu au hospitali siku hiyo hiyo, msingoje."

Kisha akaona ile chupa tuliyobeba. Akaonja. Nilijua swali linalofuata. Miguu yangu ilitaka kurudi Kariakoo bila mimi.

Hakuliuliza. Aliniuliza jingine.

"Nyumba yenu ina watoto wadogo wangapi, binti?"

Nikahesabu vyumba. "Saba."

"Na mvua bado," akasema. "Itahitajika zaidi ya hii."

Alimkalisha Shabani pale mpaka jioni, akimwangalia, ndipo akaturuhusu. Mimi sikulala vizuri. Kila nilipogeuka, gunia lilinong'ona chini yangu.

Leo asubuhi nimetoka na beseni la kunawa nikakuta Dada Mwanahawa amepiga magoti kwenye korido na kitambaa. Nilidhani anadeki. Nikaangalia vizuri. Mstari mweusi wa sisimizi ulitoka chini ya mlango wetu, ukavuka korido, ukaingia kwake. Nilikuwa nimedondosha sukari njia nzima na sikujua.

"Sisimizi wa nyumba hii wana mdomo kuliko Mama Balozi," akanong'ona. "Lete maji."

Tulikuwa hatujamaliza, Mama Balozi huyo anaingia. Amekuja kumjulia hali mtoto, na kutuambia kuwa msako umefika mtaa wa pili na tusishangae tukigongewa. Akasimama. Akautazama mstari mdogo uliobaki, unaopanda fremu ya mlango wetu. Akanitazama mimi na beseni langu. Shikamoo yangu ilitoka nusu.

"Marahaba. Mvua hizi zinawatoa kila mahali," akasema, akapita kwenda kwa Shabani.

Je, alisema kwa kujua au kwa kutojua? Nimelifikiria hilo vipindi vyote leo. Mwalimu wa hisabati ameniuliza swali nikajibu "sisimizi." Darasa zima limecheka.

Mchana Baba alikuja kula. Alikula matonge matatu akasukuma sahani. "Usiku huu mjomba wako atakuja na pikapu," akasema. "Yale magunia yanaenda Msimbazi."

"Yanapelekwa kwa nani?"

"Kwa mto, Aika. Tunamwaga. Wenzangu wote wanamwaga. Samaki watakunywa chai wiki nzima." Akajaribu kucheka, akashindwa, akafunika uso kwa kiganja. Baba yangu si mtu mbaya. Ameogopa. Tunafanana hapo.

Nilitaka kusema palepale. Nilifungua mdomo nikamuuliza kama anataka maji ya kunawa.

Alipoondoka nilikaa juu ya kitanda nikapanga hiyo sentensi, nikaipunguza mpaka ikabaki fupi. Baba, nilichota kumpa Shabani, usimwage, tumpelekee Daktari Hansa. Najua ni hatari. Pikapu itakayoweza kwenda Msimbazi inaweza kukamatwa ikienda Upanga pia. Labda Daktari mwenyewe atakataa. Labda Baba ataninyamazia mwaka mzima. Lakini ni watoto saba, mvua bado, na mimi ndiye niliyewasomea mama zao kwamba dawa ni vijiko sita.

Ninasikia malapa yake koridoni. Dada Mwanahawa amemwahi.

"Shikamoo, Baba Aika. Shabani leo amekojoa mara tatu."

"Marahaba, mwanangu. Mungu ni mwema."

"Na Aika nimemwambia asante, lakini na wewe mwambie tena."

Malapa hayatembei. Akiingia ataniuliza asante hiyo ni ya nini.

Ninaweka kalamu chini.