Usiku wa Ijumaa Ni Alhamisi

Mjukuu wangu Salma,

Salamu nyingi kutoka Mji wa Kale. Sote tu wazima, na goti langu limepoa. Waniuliza mbona kwenye kalenda ya simu harusi ya dadako, "usiku wa Ijumaa", nimeiweka Alhamisi.

Miaka ya tisini, ukumbi niliofanyia kazi Ganjoni ulinunua kompyuta, nami nikatia humo ratiba ya harusi. Meneja akasema nimekosea, usiku wa Ijumaa ni Ijumaa. Nikamwambia, "Kwetu siku huanza magharibi, bwana. Kompyuta imekuja juzi." Akifuta, naandika tena. Aliyechoka ni yeye.

Simu nimejifunza, lakini usiku wangu siubadilishi. Ukipenda, njoo hiyo Ijumaa yenu jioni. Ukoko wa pilau tutakuwekea.

Bibi yako