Kichupa Kilichozinduliwa

Martina, kaa chini kwanza. Telesphori, huyu meneja wetu wa maabara, leo kakizindua kile kichupa. KAKIZINDUA!

Kile cha standadi, bwana! Ile dawa ya magugu iliyopigwa marufuku, iliyokuja na cheti chake. Mashine inaonyeshwa hiyo kwanza, ndipo iweze kuitambua kwenye maji ya kisima cha Samuye. Evelina, mkemia wetu, kaisubiri miezi mitatu. Ilipofika akaiweka kwenye friji, akaitunza kama yai.

Leo asubuhi Telesphori kaleta mgeni rasmi, maturubai, viti vya plastiki, utepe. Evelina akamwambia, "Bosi, kisitoke humu. Kikishafunguliwa hakifungiki tena, na dawa inakauka upesi." Unajua alijibiwa nini?

"Mgeni rasmi hawezi kuzindua friji."

Hawezi kuzindua friji! Mtu mzima, ana digrii mbili!

Basi mgeni akakata utepe, akavunja shingo ya kichupa, vigelegele vikapigwa. Kikapitishwa mkono kwa mkono juani, kila mheshimiwa akichungulia kama anaona kitu. Kilipomrudia Evelina kilikuwa kikavu kabisa. Maskini, alikigeuzageuza tu mkononi.

Mama Nkwabi alikuwepo, kaja toka Samuye na dumu lake la maji. Mbuzi wake wanne wameshakufa. Akasogea kwa adabu zote, akauliza, "Sasa baba, tunywe au tusinywe?"

Telesphori hata kichwa hakuinua kwenye simu yake.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Picha zimetoka vizuri."