Msimamizi Aliyepanda Kwenye Winchi

Mume wangu Hamisi,

Sisi huku Kasingirima hatujambo. Mama yako mdogo kajifungua msichana, na babu yako anajigamba kwamba mtoto amefanana naye hadi upara.

Umeniuliza umfanye nini fundi anayeharibu kazi, maadamu sasa wewe ndiye mkuu wa karakana. Nimekumbuka nilipokuwa naendesha winchi ya kuinulia mizigo pale bandarini Kigoma, mwanamke peke yangu. Kila asubuhi kazi ilikwenda vizuri, lakini jioni moja mifuko ya saruji ikanipasukia kwenye sitaha ya meli. Wapakiaji wakapiga kelele, "Mshusheni huyo mama!"

Nikajua nimefukuzwa. Msimamizi wetu, Mzee Bilali, hakunifokea. Alipanda ngazi yote ile hadi kwenye kibanda changu, akaketi kwenye kiti changu, akatazama.

"Kumbe jua la ziwani linakupofusha! Humwoni mwelekezaji anayekupa ishara kule chini. Mbona hukusema?"

"Niliogopa mtasema mwanamke hawezi."

"Kuanzia leo atasimama kivulini. Na ukiwa huoni, simamisha kazi. Mimi nitakutetea."

Sikupasua mfuko tena, na mwishowe wapakiaji walewale wakawa wananigombea nifanye zamu yao.

Lakini jioni ile, alipokuwa anashuka, nilimwona ameing'ang'ania ngazi kwa mikono miwili. Baadaye ndipo wenzangu waliponiambia kuwa Mzee Bilali aliogopa sana kupanda juu.

Mkeo wa Kasingirima,
Bibi yako, Mwajuma