Ukuta wa Kati wa Hospitali ya Wenslow

Mtaa wa Kinu,
Wenslow, Lincolnshire.
27 Machi, 1949.

Mpendwa mdogo wangu Cyril,

Pokea salamu zangu. U hali gani huko Kanada, wewe na mkeo na watoto? Kifua chako kimepoa? Sisi huku tungekuwa wazima, ila Baba amefariki. Keti kwanza ndipo usome, maana nina hasira na sitakubembeleza.

Wakati wa Krismasi uliniandikia: "Wapeleke hospitali, siku hizi ni ya serikali, ni bure, acheni ushamba." Mama alikuwa ameteleza kwenye barafu akavunjika nyonga, Baba kifua kinambana, nami kwa mgongo huu siwezi kuwainua wawili. Nikakusikiliza.

Na hospitali yenyewe ni ipi? Si ile ile Nyumba ya Maskini, walikofungiwa mafukara wasio na pa kwenda, alikofia bibi yetu! Wamepaka rangi, wametundika kibao kipya getini, basi. Wazee wa hapa hata leo wanaiita Nyumba, na wengi wanasema bora wafie mtaroni. Baba alishika nguzo ya kitanda akalia kama mtoto. Nikamwambia, "Baba, mambo hayo yalikwisha. Serikali imeichukua." Akanijibu, "Serikali imechukua kuta, mwanangu. Na waliomo ndani je?"

Kumbe alisema kweli. Kamati inayoiendesha ni wale wale waliosimamia maskini zamani. Mwenyekiti ni Pocklington, muuza nyama. Metroni ni Bi Thirkell, na sheria yake ni ile aliyoikuta: wanaume mashariki, wanawake magharibi, katikati ukuta. Mume na mke kuonana, marufuku. Ndoa ya miaka hamsini, Cyril, ikakatwa mlangoni, huyu huku, huyu kule, kama kondoo mnadani.

Nilimfuata Pocklington dukani kwake. Nikamwomba walazwe pamoja, au basi Mama asukumwe kwa kiti akamwone mumewe. Akaendelea kukata nyama. "Pamoja wafanye nini, bibie? Watuletee mtoto mwingine?" Duka zima likaangua kicheko. Hata Hilda, yule uliyetaka kumwoa, alicheka mpaka machozi. Uliponea chupuchupu.

Kila nikienda Mama alikuwa akimuulizia Baba. Wauguzi wakamfanya mchezo wao: "Mzee wako kapata kipenzi upande wa pili, Bi Harriet, ndiyo maana haji." Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Niliumia, nikatamani kumtwanga mtu.

Baba alikata roho Alhamisi. Siku ya kuwaona wagonjwa ni Jumapili, basi hakuna aliyeona haja ya kuniambia kabla. Nilifika na keki aliyoipenda, nikakabidhiwa viatu vyake. Mama naye, ng'ambo ya ukuta, hakuwa na habari yoyote. Nikamwambia mimi. Hakulia. Alisema tu anataka kumwona.

Nikajiandaa kwa ugomvi, lakini Bi Thirkell akakubali papo hapo, tena anatabasamu. "Hakuna shida. Chumba cha maiti hakina upande wa wanaume wala wa wanawake." Akatusindikiza mwenyewe. Mama alimfunga Baba kifungo cha shati kilichoachwa wazi, akamwambia, "Umekonda, Walter."

Tulimzika Jumatano. Mvua ilinyesha, watu walikuja wachache. Pocklington alituma shada la maua, nami nikalitupa kwa nguruwe wa jirani. Sijutii hata kidogo.

Leo nimekwenda kumchukua Mama. Nimekwisha kumtandikia kitanda sebuleni, na mgongo ukitaka kuvunjika na uvunjike. Amekataa katakata. Chakula hataki, dawa anatema. "Niache hapa hapa, Maud," ameniambia. "Humu kuna chumba kimoja tu cha mume na mke. Nangoja zamu yangu."

Nisalimie mkeo Beryl, na watoto, Douglas na June mdogo. Mungu akulinde, mdogo wangu, akuzeeshe salama, na akujalie watoto watakaokuinua kwa mikono yao wenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa hasira hii,
Maud