Aliyenishika Mgongo

MAELEZO YA SHAHIDI (MLALAMIKAJI)

Jina: Lesian Tejas
Umri: miaka 36
Kabila: Mwarusha
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: fundi magari
Makazi: Sakina, Arusha

Mimi ni fundi wa gereji hapa Sakina. Baba yangu, Tejas, alikuwa Mhindi mwenye duka mjini; sikuwahi kula naye hata sahani moja. Mama yangu, Naserian, alinizaa akiwa kwa babu, huko Kiranyi, na babu akasema mtoto ni wa boma lake. Nilichunga ng'ombe wake. Nilitahiriwa siku moja pamoja na binamu yangu Solomoni, na aliyenishika mgongo nisitikisike mbele ya kisu ni baba yake Solomoni, mjomba Yiamat. Hilo liandike vizuri, afande, maana ndiye ninayemshtaki.

Mnamo Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, tulikuwa Kiranyi tukimzika mama. Kama saa tisa alasiri mchungaji aliita watoto wa marehemu waweke udongo. Niko peke yangu, mama hakuzaa mwingine. Nikachota udongo kwa mkono. Mjomba Yiamat akasimama mbele yangu na fimbo. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, naomba nipite." Hakuitikia. Akasema watu wote wasikie, "Mhindi haweki udongo hapa. Ninyi si mnachoma watu wenu? Nenda kachome wako."

Watu walicheka. Msibani, jeneza bado halijafukiwa, watu walicheka. Mchungaji alifungua kitabu chake akawa anatafuta ukurasa.

Anachoogopa mjomba nakijua. Pale kwetu anayeweka udongo amehesabiwa mtoto, na mtoto anadai shamba la mama yake. Nikimtengenezea gari bure naitwa mwanetu. Likija suala la shamba, nimekuwa Mhindi.

Nikamwambia, "Mjomba, wewe ulinishika mgongo."

Akajibu, "Nilikosea."

Akanipiga fimbo ya kichwa, nikaangukia kaburini, juu ya jeneza la mama. Solomoni, rika langu, alichukua koleo akaanza kufukia nikiwa humo humo. Mwanamke mmoja, sikumwona, alisema, "Mwacheni, si alitaka udongo?" Nilipanda mwenyewe, hakuna aliyenipa mkono. Udongo wa kwanza wa mama yangu ulinimwagikia mimi. Niliumia sana, na kichwa ndicho kilichouma kidogo.

Sina la kuongeza. Niliyosema ndiyo niliyofanyiwa.

Saini ya shahidi: L. Tejas

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Elinami, nikamsomea shahidi, akasema ni sahihi. Kwenye kabila nimekata "Mwarusha" na kuandika "Mhindi", kwa jinsi anavyoonekana na kwa jina la baba yake. Aligoma kusaini. Nikamweleza kwamba bila saini jalada halifunguliwi, na mjomba wake ataendelea kukaa nyumbani kwa raha zake. Amesaini.